Sahani ya Mzee Abdi

Siku ile naikumbuka kwa sahani, mwanangu. Nyumbani kwa babu yangu, mtaa wa Stechford kule Birmingham, baridi ikishaanza tulikuwa tunakula kwenye vibakuli, maana sahani zote zilikuwa ndani ya kofia.

Babu alikuwa fundi wa bereti za sufu. Kwao Unguja mama yake alikuwa mshonaji wa kofia nyeupe za viua, akamfunza kazi. Alipofika Birmingham akaona kofia ile haifuniki masikio, akahamia kwenye sufu. Alizifuma kubwa kama vikapu, kisha akazifua kwa maji ya moto na sabuni, akizisugua mpaka nyuzi zishikamane na kofia inywee. Ingali majimaji, aliichomeka sahani ndani yake ili ishike duara, akaianika kando ya hita. Nyumba nzima ilinuka kondoo aliyenyeshewa.

Lakini kabla ya kufuma alikupima, na si kwa futi. Alikukalisha kitini, akakuwekea viganja viwili kichwani, akafumba macho, akanyamaza. Mimi nilikuwa chuo kikuu wakati huo, na sikuacha jambo lipite bila kuulizwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na neno hilo silifuti hata leo. Nilishajaribu mwenyewe: futi ilipima vizuri kuliko mikono ya Babu, wala yeye hakubisha.

Siku ile, Jumamosi baada ya Alasiri, alikuja Mzee Abdi, Msomali wa Garissa, dereva wa teksi mstaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wamehamia London. Kila mwaka aliagiza bereti ileile ya kijivu. Alikaa kitini, akafumba macho hata kabla mikono haijamfikia.

Nikasema, "Babu, kichwa cha Mzee hakijakua tangu mwaka jana. Kipimo si unacho? Mbona unampima tena?"

Ulimi hauna mfupa. Mzee Abdi alifumbua macho, akacheka kidogo. "Huyu kijana anasema ukweli. Tena hiyo ya mwaka jana bado ni mpya." Akainuka, akavaa koti, akaenda zake. Chai yake ilibaki mezani inatoa moshi.

Jumamosi zilizofuata hakuja kunywa chai kama ilivyokuwa kawaida yake. Msikitini pia hakuonekana.

"Kwani nilisema uongo?" nilimuuliza Babu.

"Hukusema uongo." Hakuacha kufuma. "Umemnyang'anya udhuru. Tangu amzike mkewe, nani mwingine anamgusa kichwa? Mtu mzima haombi kushikwa, bwana msomi. Huagiza kofia."

"Basi niende nikamwombe radhi."

"Ukamwambie nini? Kwamba sasa umejua? Utakuwa umemvua nguo mara ya pili."

Hapo nilikwama. Ukweli ungemwumiza, na uongo sikuutaka. Nilitembea hadi kwake nikinyeshewa na mvua. Alifungua mlango akiwa na koti mwilini, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni wewe tena! Leo umekuja kupima nini?"

"Nimekuja kuomba sahani."

"Sahani?"

"Ya kuanikia bereti. Pana, ya duara."

Nadhani alielewa. Sikumuuliza, na kwa mtu kama mimi kutouliza kulikuwa kazi. Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya maua ya buluu, ameizungushia taulo. Nikanyoosha mikono.

"Nani, wewe? Utaivunja! Hii ilikuwa ya marehemu. Ngoja nivae viatu, niilete mwenyewe."

Babu alituona kupitia dirishani. Tulipoingia, alikuwa anazitupia shuka sahani safi alizozitoa kwenye kofia zilizokauka, Mzee asizione.

"Karibu, sheikh! Umetuokoa. Hebu kaa hapo nikupime, kipimo chako nimekisahau."

"Umesahau, eeh? Miaka hii yote?"

"Uzee, bwana."

"Uzee," alijibu Mzee Abdi, akakaa, akafumba macho.

Mwanangu, mimi si mtu wa kukwambia uache kuuliza. Viulize vitabu, waulize masheikh, niulize na mimi. Lakini ukimwona mtu anarudia jambo ambalo kwako halina maana, tazama kwanza limemshikia nini, ndipo uliguse. Na ukishamharibia, usimpelekee maelezo. Mpelekee sababu ya kurudi, iliyo nyepesi kiasi cha kubebeka kwa mkono mmoja.

Mola akujaalie akili isiyosinzia na ulimi unaojua kungoja. Na utakapozeeka, usikose mlango wa kubisha, wala mtu wa kukuwekea viganja kichwani.