Mlango wa Kushoto wa Halama

Vlastimil Kubíček alikuwa na mikono iliyosifiwa mpaka Vienna, na mwaka ule aliona aibu hata kuitazama. Miaka ishirini na saba alichomelea vyuma katika kiwanda cha matrekta. Kiwanda kilipofungwa, akageuza banda la nyuma ya nyumba yake, kusini mwa Moravia, kuwa karakana ya kufufua magari ya zamani. Angekutengenezea bawaba mpya leo, ukaapa imeshika kutu tangu enzi za Kaizari. Mkewe, Jarmila, alikuwa akiwaambia majirani kwamba mumewe angeweza kuzeesha hata mtoto mchanga.

Gari lililomponza lilikuwa Halama ya mwaka 1937, aliyoikuta zizini kwa mkulima mmoja, kuku wametagia kiti cha nyuma. Oldřich Halama, aliyeliunda, alikuwa mtoto wa fundi mikokoteni. Injini alizinunua kwa wengine, lakini bodi zilikuwa zake: mbao ngumu ndani, bati juu, na ngozi iliyopigiliwa misumari midogo. Kwa mwaka hakutoa zaidi ya magari arobaini. Na alikuwa na desturi yake. Gari likikaribia kwisha, aliuchukua mlango wa kushoto, akaandika kwa penseli kwenye ubao jambo lolote la siku hiyo: bei ya nguruwe, mvua, fundi aliyekuja kazini amelewa. Kisha ngozi ikafunika kila kitu, na mnunuzi akaondoka bila habari. Mwaka 1940 Wajerumani wakamchukua Halama, hakurudi. Lori likabeba makaratasi yake yote. Baada ya vita serikali ikaitwaa karakana, zikawa zinatengenezwa ndoo humo.

Kila anayefufua Halama anajua kwamba mlango wa kushoto hufunguliwa polepole, kamera ikiwa tayari. Vlastimil naye alijua, tena sana. Lakini maonyesho ya magari ya zamani yalikuwa mwezi wa tano, ubao umeota ukungu, na milango miwili ya Halama aliyowahi kufungua ilimpa bei ya nguruwe tu. Akang'oa ngozi, akawasha mashine ya msasa. Mkono umeshazoea kwenda, macho yakachelewa. Alipozima mashine, yalibaki maneno matatu juu kabisa: *Leo amezaliwa Drahuška.* Chini yake ilikuwepo mistari kadhaa. Sasa ilikuwa vumbi kwenye viatu vyake.

Hiyo tuseme ni bahati mbaya, fundi yeyote inaweza kumkuta. Lakini alichofanya baadaye hakikuwa bahati mbaya. Alisimama pale, akafikiria watu wa chama cha magari watakavyomcheka, akaona maandishi nusu yatamwumbua kuliko ubao mtupu. Akaiwasha tena mashine, akayafuta na yale matatu.

Wiki mbili baadaye simu ikalia.

"Naitwa Drahomíra Halamová," sauti ya mwanamke mzee ikasema. "Nyumbani waliniita Drahuška. Nasikia unayo Halama ya mwaka thelathini na saba."

"Ninayo, mama."

"Wazee wa karakana waliniambia baba aliniandika kwenye mlango siku niliyozaliwa. Nimeshaona magari kumi na moja. Hilo lako ndilo la mwisho lililobaki la mwaka ule. Umeshafungua mlango?"

Vlastimil akautazama ubao mtupu. "Bado. Njoo Jumamosi."

Siku ya Alhamisi, Jarmila alimletea supu karakanani, akakuta kikombe cha chai mezani, brashi imesimama ndani yake.

"Heh! Siku hizi chai unainywa kwa brashi?"

"Weka supu uende."

"Nimeuliza tu, baba. Maana umevimba kama nimekuibia."

Vlastimil alikuwa amekwisha kuandika upya ubaoni. Penseli ya kale, mwandiko wa kizamani, kisha chai juu yake ili ubao uzeeke. Nilikwambia juu ya mikono ile. Lakini nafsi ilikuwa ikimsuta hata supu ikamshinda.

Bi Halamová alishuka kwenye basi Jumamosi na kitambaa kilichofungiwa keki za plamu. Muuguzi mstaafu, miaka sabini na miwili, aliyempoteza baba akiwa na miaka mitatu tu. Aliuona ubao, machozi yakamjaa, asiweze kusoma.

"Nisomee wewe, fundi."

Basi ikambidi ausome uongo wake kwa kinywa chake. "'Leo amezaliwa Drahuška. Kilo tatu na nusu, analia kama honi. Nitamfundisha kuendesha kabla hajajua kutembea. Mafundi nimewapa bia, kazi imesimama.'"

Mama yule alicheka na kulia kwa pamoja. "Kama honi! Jamani, baba!" Akaushika mlango kwa mikono miwili. "Nikifa, ukate ubao huu, niwekewe kifuani. Utanifanyia hivyo?"

Vlastimil alitaka kuitikia. Badala yake akasema kweli.

"Mama, mwandiko huu ni wangu."

"Wako vipi?"

Akamweleza yote, ya mashine na ya chai, bila kujitetea. Alitegemea kofi, na kofi lingemfaa.

"Yapi yalikuwa yake?" aliuliza mama yule.

"Matatu ya kwanza. Leo amezaliwa Drahuška."

"Na hayo uliyaona, ukayafuta?"

"Niliona aibu, mama. Watu wangenicheka."

"Wangekucheka. Maneno matatu kwa mkono wa baba yangu yangenitosha mpaka kaburini. Wewe ukaogopa kuchekwa!"

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Sikiliza. Sauti ya baba siikumbuki, sijawahi kuikumbuka. Leo uliposoma lile la honi, nikamsikia. Alisema yeye, siyo wewe. Tangu nizaliwe ndiyo mara ya kwanza." Akamkazia macho. "Sasa nieleze, fundi, mimi nitaacha vipi kumsikia?"

Alingoja jibu kweli, kama mtu anayeuliza njia. Basi la kurudi lilikuwa saa tisa na robo, kwa hiyo Bi Halamová akachukua mkoba wake, akaenda kituoni peke yake.