Tepu Niliyoifukiza Udi

Viiiuu. Hiyo ni sauti ya debe. Mpaka leo naisikia: inaanza chini kama mtu anayenung'unika usingizini, inapanda, inakonda, mpaka meno yanauma. Fundi wa redio alikusanya matumbo ya redio zilizokufa, akayafunga ndani ya debe tupu la samli, akalitia vifundo viwili vya kuzungusha. "Hiki ndicho kinanda cha kesho," alituambia, uso unamng'aa kama bwana harusi.

Tulikuwa wanne, ghorofani juu ya duka lake, Mji Mkongwe, miaka michache baada ya Mapinduzi. Fundi alikuwa Mhindi wa papa hapa. Mwenzake alikuwa Mgoa, mpiga saksafoni wa bendi ya dansi, mwenye wazimu wa jazi na ule muziki wa Marekani wa kukatakata, wenyewe wanauita fanki. Wa tatu ni shangazi yangu, aliyekuwa akiitwa kupiga msondo, ile ngoma ndefu, karibu kila harusi ya mitaa ya Ng'ambo. Wa nne ni mimi na kigoma changu cha chapuo, niliyeacha skuli mapema na kichwa kimejaa ndoto. Tulitaka kutoa santuri. Mimi nilikuwa nshachagua hata kanga ya kupigia picha ya jalada.

Shangazi alikubali kwa sharti. "Ngoma za harusi chukueni. Za kumfunda mwali sizipigi mbele ya wanaume, hata mkinipa debe la dhahabu."

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu.

"Bi mkubwa, mkono wako unakimbia," mpiga saksafoni alilalamika. "Nnakufuata sikupati."

"Nani kakwambia unifuate? Nikute nilipo. Na hilo dude lako, mbona linalia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa?"

Alicheka mpaka akashindwa kupuliza. Lakini alipoanza tena hakukimbizana naye. Alisubiri, akapuliza pale tu shangazi alipoacha nafasi, na fundi akapitisha ile viiiuu yake chini kwa chini. Nilisahau kupiga chapuo, shangazi akanikata jicho.

Kwa Jumapili nne tukapata nyimbo sita, zote katika tepu moja ya mashine ya fundi ya kurekodia. Nyingine ya kunakilia hatukuwa nayo.

Halafu watu wakapungua. Mpiga saksafoni alipata kazi Dar es Salaam, akavuka. Shangazi alishikwa na homa, na kabla ya masika tukamzika kwao Jambiani. Fundi akasema hatukati tamaa, atakwenda Mombasa kutafuta watu wa kututolea santuri, na ile tepu akaniachia mimi.

"Humu mna mkono wa shangazi yako," aliniambia. "Iweke wewe."

Mwaka ule masika yalikuwa mabaya. Kuta zilitoka jasho, kabati likanuka uvundo. Siku moja nikaifungua tepu nikaona imeota ukungu mweupe pembeni. Sikuwa na wa kumuuliza, nikafanya nilivyofunzwa nyumbani. Ngoma ikinywa unyevu huoteshwa moto. Nguo ikinuka uvundo hufukizwa udi. Basi nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia udi ule mzuri wa Idi, nikafunika tenga, na juu ya tenga nikaweka baibui langu na tepu pembeni yake. Nikenda uani kupepeta mchele. Nilikuwa nnaimba.

Niliporudi baibui linanukia, na tepu imejikunja ukingo kama ngisi juu ya makaa.

Sikumwambia mtu. Niliibana chini ya magodoro mawili, nikaomba Mungu inyooke.

Fundi alirudi na furaha. "Wamekubali, binti! Wanataka kuisikia tu." Akaitia kwenye mashine. Saksafoni ilianza, ikayumba, ikayoyoma. Debe likazama. Msondo wa shangazi ukawa kama mtu anayegonga mlango akiwa chini ya maji. Fundi alijaribu wimbo wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Akazima.

"Ulifanya nini?"

Nikamweleza, machozi yananishuka. Fundi akaitoa ile tepu, akaisogeza puani.

"Inanukia vizuri," alisema, kisha akanigeuzia mgongo akajitia kupanga bisibisi zake.

Baadaye akasema mwenzetu wa Dar hana haja ya kujua. "Tumwambie ni masika. Vitu vya watu wangapi vimeharibika?"

"Ndiyo," nikasema. "Masika."

Niliteremka ngazi nimepata nafuu, na hiyo nafuu haikunifikisha hata sokoni Darajani. Mpiga saksafoni hakujua kuwa tepu nilikuwa nayo mimi; alijua tu kuwa dirisha la fundi linavuja. Alikuwa akimgombeza kila Jumapili, "Iko siku mvua itatuharibia kazi yetu." Akisikia masika atasema ni fundi, na fundi atakubali lawama anyamaze. Na katika kila barua kutoka Dar mpiga saksafoni alikuwa akiuliza neno moja: Bi mkubwa anasikika vizuri? Hakuna tena wa kuupiga ule msondo upya. Mimi nilikuwa nnajua chapuo tu, nikijaribu mkono wa shangazi vidole vinapotea.

Nikachana karatasi katika daftari. Mwandiko wangu mbaya, na mara tatu nilianza na mvua nikafuta. Mwisho nikaandika: Shikamoo kaka. Bi mkubwa hasikiki tena. Tepu nimeiunguza mimi kwa udi, nilidhani naitunza. Fundi hana kosa, usimlaumu.

Kesho yake asubuhi nikenda posta peke yangu. Nikaitumbukiza barua kwenye tundu la sanduku, kisha nikapenyeza vidole ndani, nikahakikisha imeanguka.