Lile tangi sikuliharibu mimi

Admin, jina langu usiliweke, Likasi tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, naishi Kikula, na nimechoka kubeba kosa la mume wangu.

Miaka ya tisini, mishahara ikija inapotaka yenyewe na kiwanda chetu cha shaba kikizimika kipande kwa kipande, nilikuwa mwanamke pekee katika ofisi ya mahesabu. Tulikuwa na kompyuta moja yenye programu ya hisabati. Niliipenda jamani! Kazi nyingi zimejengwa tayari ndani yake: unaita jina, unaipa namba, inakutolea wastani au inakuchorea mchoro. Mume wangu, wakati huo mchumba, tulitumia naye meza moja.

Siku moja alipiga hesabu ya chokaa ya kutia kwenye tangi la kusafishia shaba. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, elfu mbili na mia tano tunaiandika na nafasi katikati: 2 500. Yeye akachagua kabisa nafasi nyembamba maalumu, ati karatasi ipendeze. Sasa ile programu, nafasi iwe nyembamba, pana au hata isiyoonekana, ikiikuta kati ya namba mbili inazizidisha. Mbili mara mia tano, elfu moja! Chokaa ikatiwa pungufu, tangi zima likaharibika.

Mimi ndiye niliyegundua. Nilipomwonyesha, akatokwa jasho.

"Chérie, beba ile faute, useme ni kosa yako," aliniambia. "Minye niko na bandugu sita, bananitegemea minye tu. Weye uko na papa yako. Kisha tutaoana."

Nikabeba. Mapenzi yalinipumbaza! Chef wetu wa ofisi akanifukuza mbele ya watu akisema, "Mashini haiko ya banamuke." Mimi nikaenda kuuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni, mwenzangu akapandishwa cheo.

Alinioa kweli, sikatai, na ni baba mzuri. Lakini kila sikukuu anawasimulia watoto jinsi mama yao alivyoharibu tangi na yeye akamwokoa. Miaka yote nilicheka nao. Mwezi huu binti yetu, anayesoma informatique, mambo ya kompyuta, akaniuliza kwa upole, "Mama, njo sababu uliacha kazi? Haukujua mashini?" Iliniuma mpaka nikaiacha bukari, ugali wetu, sahanini.

Jumamosi ni jubilei ya ndoa yetu. Nimekuta kisa hichohicho kwenye hotuba yake, nikamwambia akitoe.

"Ile ni kitu ya zamani, mama. Bantu batacheka tu."

"Batamucheka nani?"

Akajifanya anatafuta miwani.

Nishaurini, nifanye nini: nimpe muda mpaka Jumamosi awaambie watoto mwenyewe, au nimngoje palepale ukumbini nimnyang'anye kipaza sauti? Wale wa kuniambia ninyamaze nilinde ndoa, wapite mbali. Mume wangu nampenda. Lakini binti yangu hataanza kazi akiamini kwamba mashini ilimshinda mama yake.