Maji Yaliyong'aa

Wiki ile bomba letu lilikauka. Bwawa la Tshopo likitunyima umeme, maji nayo hugoma, na mtaa mzima hushuka bondeni na mabidoni, yaani madumu, kuchota kwenye chemchemi. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yakaja rangi ya chai ya maziwa. Majirani walinung'unika. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilifurahi. Mjinga kabisa!

Nilimwita binti yangu wa miaka minane. Tulikata chupa ya plastiki kitako, tukaigeuza, tukaziba mdomo kwa pamba. Juu yake makaa yaliyopondwa, kisha mchanga, kisha changarawe. Alimimina mwenyewe. Maji ya kwanza yalitoka meusi, akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Ngoja, mama," nilimbembeleza binti yangu.

Mara ya nne yalitoka meupe. Nikainua glasi kwenye jua. "Unaona? Uchafu yote imebaki mule!"

Uchafu yote. Nilisema hivyo, mimi baba yake, na diploma yangu. Darasani ningeongeza kwamba vijidudu havionekani, kwamba lazima kuchemsha. Siku ile niliyafurahia macho yake, nikasahau. Kisha mtu akaniita barabarani, nikatoka.

Kwetu kitu cha kwanza ni cha mkubwa. Mtoto haonji kabla ya koko, yaani bibi yake, mama yangu mimi. Tumemfundisha hivyo tangu ajue kutembea. Basi akampelekea glasi kwa mikono miwili, akapiga goti. Mama akanywa yote na kumshukuru sana.

Kesho yake mama akaanza kuhara na kutapika. Kufikia alasiri hakuweza kusimama. Hospitalini walimtundikia chupa ya serumu, na nesi akauliza amekunywa maji gani. Binti yangu alikuwa pale pale, ameshika kitenge cha koko.

Mama alinitangulia kujibu, sauti imekauka. "Hapana maji. Nilikula samaki ya jana. Mulafi mimi."

Nilimfuata nesi nje nikamwambia ukweli. Mtoto hakunisikia. Alichosikia ni habari ya samaki, na alijua nyumbani hakukuwa na samaki.

Njiani kurudi akauliza, "Papa, ni mimi niko naua koko?"

Nikamfokea anyamaze! Mungu anisamehe. Hofu yangu yote nilimtupia yeye, mbele ya watu, badala ya kumwambia kosa ni langu.

Mama alipona. Siku ya tano alirudi nyumbani, akaketi barazani, akaomba maji. Yalikuwapo, nimeyachemsha mwenyewe. Binti yangu akajaza glasi, akaiinua kwenye jua kama nilivyomfundisha, akaitazama muda mrefu. Halafu akampita koko, akaja kwangu, akapiga goti.

"Unywe wewe kwanza, papa."

Nikanywa. Hakwenda kumjazia koko. Alikaa chini mbele yangu, glasi tupu mapajani, akingoja kuona kama nitaumwa.