Hedi ya Januari 1967

Lameck wa Buhare alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa na magurudumu manne. Land Rover yake ilitoka kiwandani Machi 1967, na Jumamosi mkaguzi wa chama cha magari ya kale angekuja Musoma kuamua kama ni ya asili au ya kuungaunga. Kila chuma cha injini kilitakiwa kiwe na tarehe ya kiwandani iliyotangulia gari lenyewe. Vyote vilikuwa nayo, isipokuwa hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Yake ilisoma 1971. Mtu mzima na akili zake akawa hapati usingizi kwa ajili ya chuma kilichochelewa kuzaliwa!

Alipekua vyuma chakavu vya Bunda nzima akatoka kapa. Ndipo akasikia habari za Tereza, mjane wa Mwitongo, Butiama, ambaye gari la marehemu mumewe lilikuwa linaozea kando ya zizi. Akaenda, akafungua boneti, akapangusa mavi ya kuku kwa kidole. Januari 1967. Akaomba auziwe hedi hiyo.

"Hapana, baba," Tereza alisema. "Vitu vya marehemu haviguswagi mpaka ukoo ukae. Na hawawezi kukaa bila Brian."

Brian alikuwa mwanawe pekee, mfanyabiashara wa Bunda. Waligombana siku ya mazishi, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani. Tereza aliyasema hayo mwenyewe, na Lameck akayadaka.

"Brian ndiye amenituma, mama. Anakusalimia sana. Jumapili anakuja mkae kikao."

Mama wa watu akashika mlango. Akalia, akacheka, kisha akaleta spana za mumewe kwa mikono yake.

Sasa, mafundi wetu wana adabu zao: hawamrudishii mtu kifaa kichafu. Lameck aliiacha hedi gereji kwa fundi wake, Samweli, aisawazishe, akaenda kuoga. Samweli, kwa upendo wote, akaipitishia grinda kila upande na kuipiga rangi ya silva. Pale penye tarehe pakawa laini kama shavu la mtoto.

"Zile namba zilikuwaga zinaharibu sura, kaka. Nimekutolea," alisema, akisubiri shukrani.

Mkaguzi alikuja, akainama, akapapasa, akaandika: ya kuungaunga. Hakukaa hata kunywa soda.

Jumapili mchana simu ikaita. "Lameck, mwanangu, nimepika, wazee wote wamekaa. Mbona Brian simwoni?"

Lameck alikuwa na uchungu, na alitaka mwenzake naye auonje.

"Huyo Brian wako simjui hata kwa sura. Hakuna aliyenituma. Hakutaki, mama."

Lameck akasikia sahani zikigongana, na mzee mmoja akiuliza kulikoni. Kisha akamsikia Tereza akiwajibu, kwa sauti ya uchangamfu:

"Ni Brian huyo. Gari limemharibikia njiani. Anasema tusimngoje, tule."