Mkasi wa Fundi

Fundi aliporudi nyumbani baada ya mwezi mzima wodini, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa mkasi wake mkubwa wa kukatia suti. Haukuwepo. Cherehani ilikuwepo, chaki na futi pia, ila mkasi haukuonekana.

"Shemeji yako ameupeleka kunolewa," mkewe alisema, bila kumtazama.

Wiki mbili zikapita. Mkasi gani unanolewa wiki mbili? Akaanza kutega sikio. Akiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Shemeji akija, anamwita dada yake nje na kunong'ona naye. Fundi akajua kuna jambo linapikwa. Wanataka kumnyang'anya kibanda chake cha ushonaji, ndiyo maana wamemletea yule mama mshauri kutoka hospitali, mwenye viatu visivyotoa sauti na daftari mkononi.

"Umekuja kuandika kwamba nina wazimu," Fundi alimwambia mshauri alipokuja mara ya tatu.

"Nimekuja kwa sababu homa ya uti wa mgongo ilifika mpaka kwenye ubongo wako," alijibu mshauri. "Homa imeondoka. Hofu huwa inachelewa kuondoka." Akamsogezea daftari. "Soma mwenyewe."

Fundi alisoma kila ukurasa, hata majalada. Usingizi mchache. Kichwa kinauma asubuhi. Anahisi anafichwa kitu. Na chini yake: Ni kweli, anafichwa.

Akainua macho. Mshauri alikuwa akimtazama mkewe.

"Dada, tulikubaliana utamwambia leo."

Mkewe alikunja mkono wa gauni taratibu. Kovu lilianzia kwenye kiwiko, refu, bado jekundu.

"Siku ile homa ilipopanda, ulidhani mimi ni mwizi," alisema. "Hukunijua kabisa."

"Uongo," Fundi alisema. "Mmepanga."

Mkewe aliingia chumbani akatoka na gauni la kijani, akaliweka mapajani mwa Fundi. Alikuwa amelishona mwenyewe. Akapitisha kidole kwenye mpasuko wa mkono wa gauni. Ukingo haukuwa umechanika wala kufumuka. Ulikuwa umekatwa safi, na katikati palikuwa na kijino kidogo, alama ya pengo la ule mkasi wake, ambalo yeye peke yake alilifahamu.

Alilikunja gauni, akamgeukia mkewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utajichukia. Ndiyo maana tuliuficha mkasi."

Tangu hapo huenda kliniki kila Alhamisi kuonana na mshauri, na bado huchagua kiti kinachotazama mlango. Kushuku hakujamwisha. Tofauti ni kwamba sasa anauliza. Juzi alimkuta mkewe akiongea na simu kwa sauti ya chini.

"Mnanisema?"

"Ndiyo. Dada yako anataka kujua kama unakula."

Alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono apewe simu, asikilize mwenyewe.