Kaunta ya Mama Mwenye Nyumba

Nilitumia siku nne kutoka Dodoma hadi Tarime, nimekaa nyuma ya lori pamoja na mabamba matatu ya granaiti nyeusi. Yalikuwa yamesimamishwa wima kwenye fremu ya mbao na kukingwa kwa magodoro ya zamani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hayapasuki. Kila lori lilipoingia shimo niliyasikia yakisagana, nami nikasukuma kabari kwa kisigino. Singida, Shinyanga, Mwanza, Bunda. Nililala kwa vipande. Tulipovuka daraja la Kirumi barabara ikaanza kupanda, hewa ikapoa, nikavaa makoti mawili na kujiona nimefika mahali pa kukaa. Nilikuwa nimejiona hivyo katika miji mingi kabla ya hapo.

Asubuhi niliyoshuka Bomani, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mtu akipigwa. Watu sita walimzunguka na mipini ya majembe. Alikutwa na jiwe la mgodini ndani ya shati, jiwe lisilozidi ukubwa wa yai. Alipoacha kujikinga, waliendelea. Dereva hakupunguza hata sauti ya redio.

"Fundi," aliniambia, "huku ukiona jiwe usiliokote. Hata la kusugulia kisigino."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na mawe ndiyo yaliyokuwa yakinilisha.

Nyumba niliyoitiwa ilikuwa Kemambo, ya mtu aliyemiliki duara la dhahabu, shimo wanaloingia wachimbaji wadogo. Alikuwa mpana, na kovu la panga lilishuka kutoka utosini hadi kwenye nyusi. Mkewe aliolewa naye enzi ana ng'ombe tu, akapika miaka yote katika kibanda cha nyasi, macho mekundu kwa moshi. Dhahabu ilipopatikana, mume alijenga nyumba ya bati la rangi na kumwambia: jiko ni lako, chagua mwenyewe. Mama yule hakuomba gari wala kitenge. Alitaka kaunta ya jiwe, pana, ya kusongea ugali akiwa amesimama.

Ila mume naye alikuwa na chaguo lake. Alinionyesha kipande alichopewa na mfanyabiashara wa Sirari, cheupe pe, kikubwa kama sinia. Ni jiwe la kiwandani, unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi.

"Mimi nataka hili, mura," alisema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Halina mishipa, haling'ai. Mtu akiingia anaona kaunta, basi."

Nilidhani hajui uzuri. Nami nilikuwa nimeyalinda mabamba yangu siku nne, nisingekubali yarudi. Nilimwomba mama sufuria iliyokuwa ikichemka, nikaiweka juu ya kile cheupe. Tulisubiri kidogo. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua, na nilipoinua sufuria pakabaki duara la kahawia. Mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mzee wangu, umeniletea meza ya nailoni!"

Kisha nikamwagia maji granaiti. Ile ilikuwa na mshipa mweupe uliopita katikati, na chembechembe zinazometa kama magamba ya samaki, zisizo na thamani yoyote. Jua likazipiga. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeuza, "Mama, hapa utasonga ugali juu ya dhahabu."

Getini walisimama wachimbaji watatu wakimsubiri tajiri wao. Mmoja alikuwa na sikio nusu. Nusu nyingine ilikatwa chini ya ardhi, siku maduara mawili yalipotoboana na watu wakapigana gizani kwa nyundo na moshi wa matairi. Hawakucheka.

Mama alichagua granaiti. Mume akaenda zake.

Nilikata kwa siku tatu. Grenda ilipiga kelele na maji yenye unga wa jiwe yakatiririka hadi nje ya uzio. Siku ya pili niliwakuta wachimbaji wakiyakinga kwa karai. Nilidhani wanataka kukandika nyumba.

"Fundi, hili jiwe limetoka duara gani?" aliuliza yule wa sikio nusu.

"Limetoka Dodoma."

"Dodoma wapi kuna mawe yanang'aa hivi?"

"Linang'aa tu, ndugu yangu. Ndivyo lilivyo."

Nilipaswa kuelewa hapo. Wachimbaji wale hawakuwa na mshahara. Mawe yakipandishwa juu, mwenye duara anachukua fungu lake, wao wanagawana mifuko iliyobaki. Kwa miezi mingi mifuko ilikuwa imetoa mawe matupu, na watu wawili walikuwa wamezikwa kwa ajili ya mawe hayo matupu. Sasa wanaona bamba zima lenye mshipa mweupe, mshipa wa aina ile ile waliokuwa wakiufuata chini, linaingizwa nyumbani kwa tajiri. Na fundi mwenyewe amelitaja kwa jina: dhahabu. Nani angetafuta fungu lake lililoibwa chini ya sufuria ya ugali?

Walikuja Jumamosi mchana, kama ishirini. Jiko lilikuwa na siku mbili. Mama alikuwa anasonga ugali wa wimbi, nami nilikuwa naziba mwanya ukutani. Mume alitoka na panga, akamkata wa kwanza begani. Wa pili akampiga na mtaimbo kichwani, mume akaanguka kwenye vigae vipya, na damu ikafuata mistari ya saruji niliyoichora mwenyewe.

Yule wa sikio nusu alinikamata shingo.

"Sema sasa. Ulisema dhahabu."

"Nilitania!"

"Dhahabu inataniwa hapa?"

Alinipiga na ubapa wa panga. Nikatema jino.

Mama aliweka kiganja cha kulia juu ya jiwe, karibu na sinki. "Pigeni basi," akasema. "Pigeni hapa." Naamini alifikiri hawatapiga. Mchimbaji aliyeinua nyundo naye, naamini, alifikiri mama atatoa mkono. Naujua mlio wa granaiti inapopasuka, nimeusikia maisha yangu yote. Chini yake siku ile kulikuwa na mlio mwingine, mdogo.

Walibeba vipande ndani ya mifuko, vichwani, wakikimbia kwenda kwenye mashine ya kusaga mawe. Kesho yake asubuhi yule wa sikio nusu alinikuta kwenye kibanda nilichopanga. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Tumesaga, tumeosha, tumetia zebaki," alisema. "Halikuwa na kitu, fundi." Alisema kwa uchungu, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Hospitali walimkata mama vidole viwili. Mume alilala bila fahamu kwa siku tano, na ndugu zake wakaanza kulipiza. Nyumba mbili za wachimbaji zilichomwa. Yule wa sikio nusu alikutwa mtoni, na sikio la pili halikuwepo. Nikasikia kwamba nyumba ya tatu ni ya mwenye ulimi, yaani mimi.

Siku niliyoondoka nilipita kumuaga mama. Alikuwa nje, anapika kwenye mafiga, mkono umefungwa. Nilisema shikamoo.

"Mzee ameamka jana," alisema. "Amekuulizia. Nimemwambia umeshaenda."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nenda kabla hajasimama."

Pembeni yake, juu ya matofali mawili, kulikuwa na kile kipande cheupe chenye duara la kahawia. Alikuwa akikatia mboga juu yake kwa mkono wa kushoto, na kila alipokata kiliyumba.

"Kinacheza," alisema bila kunitazama.

Nilitoa pima maji kwenye begi. Nilikanda udongo, nikautandaza juu ya matofali, nikakilaza kipande, nikakigonga kidogo kidogo kwa kiganja mpaka kiputo cha hewa kikakaa katikati ya kioo. Alikibonyeza kwa kiwiko. Hakikutikisika. Akaendelea na mboga zake, nami nikaenda kulingoja lori barabarani.